Samaki wa Misri na Dagaa wa Kigoma

Wazee wawili watatu wa rika letu wakisimama chini ya mwembe baada ya ibada, haupiti muda mrefu kabla neno "zamani" halijatajwa. Zamani mtoto alimheshimu mkubwa. Zamani dagaa walikuwa tele. Zamani mtu alilala mlango wazi. Vijana wanaopita hutuamkia shikamoo na kuharakisha mwendo, maana maneno hayo wamekwisha kuyasikia, na wanajua yanakoishia. Yanaishia kwao, kwamba wao ndio walioiharibu dunia.

Hebu tulitazame jambo hili. Kwamba zamani yetu ni tamu hatuna haja ya kuuliza. Utamu wake tunaujua wenyewe. Swali letu ni kama tunayoyasema ni kweli, na kama mtu mzima ana haki ya kumchapa kijana kwa fimbo ya siku ambazo kijana huyo hakuziona wala hawezi kwenda kuzikagua.

Sisi tuliokulia hapa Mwanga miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 tuna mengi ya kukumbuka. Vumbi jekundu la barabara iendayo Ujiji lilitupaka miguu hadi magotini. Chikichi zilichemshwa katika mapipa uani, na harufu yake ilituita kutoka mbali, kwa kuwa tulijua tutapewa za kufyonza. Kitoweo kilikuwa dagaa waliopikwa kwa mawese, chungu kikawa chekundu, pamoja na ugali wa muhogo. Siku ya migebuka ilikuwa sikukuu ndogo. Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini (mji huu ni mwisho wa reli tangu mwaka 1914, na vyuma vya namna hiyo havikuwa haba). Garimoshi la kutoka Dar es Salaam lilipopiga honi likikaribia stesheni, waliokuwa na wageni walikimbia, na wasiokuwa na wageni walikimbia pia. Bandarini ilikuwapo Liemba, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaja kuopolewa na kurudi kazini mwaka 1927. Kwetu watoto ilikuwa meli tu, yenye sauti nzito.

Tuliendesha matairi ya baiskeli kwa vijiti, tukapiga mpira wa matambara, wasichana wakacheza rede na mdako. Lakini ukiwauliza watu wa rika letu ni nini hasa wanachokitamani kirudi, wengi watakuambia: mbalamwezi. Mwezi ukipevuka uwanja mzima ulikuwa mweupe, taa haikuhitajika, na kombolela ilichezwa mpaka mama wa kwanza alipoita jina la mtoto wake. Hatukuogopa kitu. Baba na wajomba walikuwapo barazani, wakishona nyavu na kucheza bao, nao walitutazama tukikimbia.

Hapo yatupasa kusimama kidogo. Kwa nini wajomba walikuwapo nyumbani usiku ule?

Dagaa wa ziwa letu huvuliwa gizani. Wavuvi huenda na taa, wakati ule karabai, siku hizi taa za betri na za nishati ya jua. Dagaa huufuata mwanga, hukusanyika chini yake, na wavu huinuliwa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hushindwa, maana mwanga umetapakaa ziwani kote na dagaa hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Kwa hiyo mitumbwi huvutwa mchangani, na kazi husimama mpaka giza lirudi. Wajomba walikuwa barazani kwa sababu hapakuwa na kazi. Na nyumba nyingi za mji huu ziliishi kwa dagaa, nyingine kwa kuvua, nyingine kwa kuanika, nyingine kwa kujaza magunia na kuyapakia kwenye mabehewa. Usiku tulioupenda kuliko yote ndio usiku ambao mama alikuwa amekopa unga dukani, mwenye duka ameandika katika daftari lake, na deni linangoja giza.

Sisi tulicheza. Kucheza ndiyo kazi ya mtoto, wala hatusemi kwamba furaha ile ilikuwa ya uongo. Uwanja ulikuwa mweupe kweli. Tunachosema ni kwamba shahidi wetu juu ya siku zile ni mtoto wa miaka minane, naye alikuwa uwanjani, hakuwa jikoni.

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kumhoji shahidi wa historia kabla ya kumwamini: alikuwa wapi, aliona nini kwa macho yake, na ni nani aliyekuwapo ambaye hakuulizwa. Tulifundishwa hayo kwa ajili ya habari za watemi na misafara ya Ujiji. Lakini maswali hayo yanafaa pia kwa masimulizi ya chini ya mwembe.

Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, kina habari ambayo sisi watu wa ziwani tungepaswa kuielewa upesi kuliko wengine. Waisraeli walipochoka na mana jangwani walilia kwa kukumbuka chakula cha Misri, na kitu cha kwanza walichokitaja ni samaki. Tena walisema waliwala bure. Matofali hawakuyataja, wala wasimamizi wenye mijeledi, wala watoto wachanga waliotupwa katika mto uleule walimovuliwa samaki hao. Hata hivyo tuwatendee haki: samaki walikuwapo, hawakuwabuni. Mto Nile una samaki hadi leo. Neno lililowaponza ni lile "bure".

Basi tuanze na samaki wetu wenyewe. Kwa habari ya dagaa na migebuka wazee hawasemi uongo; walikuwa wengi, na wamepungua. Mwaka 2003 wanasayansi waliochunguza Ziwa Tanganyika walieleza katika jarida la Nature kwamba maji ya juu yamepata joto, na kwa hiyo hayachanganyiki na maji ya kilindini kama zamani. Rutuba ya ziwa hili, ambalo kina chake kinapita mita 1,400, hukaa chini. Isipopanda juu, viumbe vidogo vinavyoliwa na dagaa havizaliani sawasawa. Walikadiria kwamba chakula hicho kilikuwa kimepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba samaki wangeweza kupungua kwa asilimia 30. Hali ilifika mahali ambapo nchi nne zenye ziwa hili zilikubaliana kulipumzisha, na upande wetu uvuvi ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Miezi mitatu. Wasomaji wa Katonga na Kibirizi hawana haja ya kuelezwa miezi ile ilikuwaje.

Kijana mmoja wa bodaboda alitusikiliza siku moja tukiwasifu migebuka wa zamani, akauliza kwa adabu kabisa: "Sasa mwalimu, kama walikuwa wengi hivyo, nani aliwamaliza? Maana mimi nilikuwa sijazaliwa." Twaona ni swali la haki. Sehemu ya jibu ni joto la dunia, ambalo halikuanzia Mwanga. Sehemu ni wingi wa watu: sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wasiofika 500,000 katika mkoa wa Kigoma, na ile ya mwaka 2022 karibu milioni 2.5. Na sehemu nyingine ni makokoro yaliyokokotwa ufukweni miaka mingi, yakichukua wakubwa na wachanga pamoja, katika siku zilezile tunazozisifu. Anayemwambia kijana "zamani samaki walikuwa tele" anasema kweli, lakini kijana naye ana haki ya kuisikia habari hiyo kama mtu anayesomewa hesabu ya mali ambayo haikumfikia.

Wahenga walisema ya kale hayanuki. Labda. Dagaa walioanikwa mchangani wakanyeshewa na mvua walinuka sana, na walionusa ni wale waliopoteza mtaji.

Kuna mashahidi wengine ambao hatuwezi kuwauliza tena. Mtu wa rika letu akiulizwa kwao wamezaliwa wangapi, mara nyingi hujibu kwa hesabu mbili: "Tulizaliwa tisa, tukabaki sita." Husema "tukabaki" kwa sauti ileile ya kutaja idadi ya mbuzi, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kusikia. Surua ilipita mtaani, na wiki iliyofuata dawati moja lilikuwa na nafasi. Mwalimu aliliruka jina hilo katika daftari la mahudhurio, na baada ya siku chache mwanafunzi mwingine alihamishiwa pale. Malaria ilichukua wadogo zaidi, na kuhara pia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika nchi yetu, watoto zaidi ya 200 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Yaani mmoja katika kila watano. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 43 kati ya 1,000. Bado ni wengi mno, lakini si watoto 200.

Husemwa mara kwa mara: "Sisi tulikunywa maji ya mto na hatukuugua." Waliougua wakafa hawasimami chini ya mwembe. Kila masimulizi ya uzuri wa zamani yanatoka katika kinywa cha mtu aliyebaki, na hilo peke yake lingetosha kutufanya tuseme kwa sauti ya chini kidogo.

Wapo pia ambao hawakuulizwa, nao wako hai, tena wako jirani. Katika nyumba moja ya mtaa huu babu alikuwa akimsimulia mjukuu wake jinsi kombolela ilivyonoga. Mtoto akamgeukia bibi: "Na wewe bibi ulikuwa unajificha wapi?" Bibi akajibu kwamba yeye alikuwa akizisikia kelele tu, kutoka kwenye foleni ya maji. Debe likijaa ni karibu kilo 20, na nyumba ya watu wanane haitoshelezwi na debe moja. Mbalamwezi ilimfaa msichana kwa namna yake: aliiona njia.

Bibi hakusema hayo kwa uchungu. Alikuwa akichambua maharage, akaendelea kuchambua. Lakini babu alikuwa ameishi naye zaidi ya miaka 40, na ilionekana usoni mwake kwamba hakuwahi kulisikia jibu hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliuliza swali.

Tukifuata njia hiyo ya maji tutafika mbali. Kabla ya Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977, watoto wengi hawakuingia darasani kabisa, na katika nyumba isiyoweza kumsomesha zaidi ya mmoja, anayebaki alijulikana kabla ya kuzungumzwa. Msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule. Aliyemtia mimba aliendelea na shughuli zake. Hali hiyo ilidumu miaka na miaka, hadi Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana hao waweza kurudi darasani. Sisi tuliofundisha twawakumbuka baadhi yao kwa mwandiko wao. Walikuwa na mwandiko mzuri.

Sasa tufike kwenye neno ambalo wazee hulishika kwa nguvu zaidi, nasi tunalishika pia. Zamani, husemwa, mtoto alikuwa wa wote. Ukikosa mtaani ulichapwa na jirani, na ukienda kushtaki nyumbani ulichapwa tena. Wengi hulisimulia hili wakicheka. Twaamini kuna kitu cha kweli hapa ambacho kimepotea. Mtoto wa Mwanga alikula alipokutwa na saa ya kula. Hakuulizwa kama ameaga. Mwislamu na Mkristo walijua sikukuu za kila mmoja kwa harufu ya pilau, na sahani zilivuka barabara. Siku hizi kuta zimepanda, juu yake vimepandwa vipande vya chupa, na ndani mtoto anatazama simu peke yake. Hatuoni haya kuyasikitikia hayo.

Lakini mtoto wa wote ni mtoto ambaye wote waweza kumpiga, na hakuna wa kumwambia pale mmoja wa hao wote alipokuwa mtu mbaya. Neno la mkubwa lilitosha. Watu wazima wa leo, waliotendewa mambo ambayo hayafai kuandikwa katika gazeti la mtaa wa kanisa, walinyamaza kwa sababu ya heshima hiyohiyo tunayotaka irudi. Je, yawezekana kupata sahani iliyovuka barabara bila kupata ukimya ule? Sisi twadhani yawezekana, maana sahani haikutegemea fimbo. Wako wanaoona tofauti, na baadhi yao ni walimu wenzetu wenye busara.

Na tunaposema kulikuwa na amani, tuangalie tunasema mbele ya nani. Mwaka 1972 watu walivuka kutoka Burundi wakikimbia mauaji, na wengi walipita katika mkoa huu kabla ya kupelekwa Ulyankulu na Katumba. Wengine walikuwa watoto wa umri wetu. Mwaka huo tunaouita wa amani, kwao ni mwaka ambao baba hakurudi. Nao wana hamu ya zamani, lakini zamani yao iko ng'ambo ya mpaka, na wapo walioipoteza katika usiku mmoja.

Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari huko Uswisi, jina lake Johannes Hofer, aliandika juu ya vijana waliokuwa mbali na kwao, wakikonda na kukosa usingizi kwa kutamani nyumbani. Aliuhesabu kuwa ugonjwa, akaupa jina aliloliunda kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kurudi nyumbani na maumivu. Dawa aliyoiona kuwa bora ni kumrudisha mgonjwa kwao. Sisi shida yetu ni kubwa zaidi. Kwetu tuko. Mwanga ni hapa hapa, ziwa ni lilelile, na bado tunaumwa.

Tunachokitamani, basi, ni nini? Tukijichunguza vizuri, twaona si mwaka 1968 wala si karabai. Hakuna kati yetu ambaye angekubali kurudi kwenye foleni ile ya maji, au kumpeleka mjukuu wake kwenye surua ile. Tunakitamani kile kilichokuwa cha mtoto peke yake: kulala bila kujua deni la unga. Kuna mtu aliyetubebea deni hilo, akatuacha tucheze. Hatukumwona akilibeba, kwa hiyo twadhani hapakuwa na mzigo, nasi twasema siku zile maisha yalikuwa rahisi. Hapo ndipo neno "bure" la Waisraeli linapoingia katika vinywa vyetu.

Msomaji mmoja aweza kusema kwamba tunawanyima wazee starehe yao ya mwisho. Mhubiri naye, katika sura ya 7, yuko upande wa wakali: anasema si hekima kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa bora. Lakini iko habari nyingine, katika Ezra sura ya 3. Msingi wa hekalu jipya ulipowekwa, wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengine wakapiga kelele za furaha, hata watu wasiweze kutofautisha sauti ya furaha na sauti ya kilio. Hatusomi popote katika sura hiyo kwamba wazee walikaripiwa. Walilia, na kazi ya ujenzi haikuachwa kwa ajili ya machozi yao. Twalipenda jambo hilo. Wazee walikuwa wamesimama palepale penye msingi, kati ya vijana, wala hawakuwaambia kwamba mawe yao hayafai.

Tumeombwa, sisi wachache tulio wastaafu, tuzungumze na watoto wa shule ya Jumapili juu ya maisha ya zamani katika mji huu. Tumekubali. Tutawasimulia kombolela, kengele ya reli na migebuka, wala hatutaupunguza utamu wake hata kidogo. Tutawaambia pia kuhusu daftari la mwenye duka, na dawati lililokuwa na nafasi. Yule bibi wa maharage tumemwomba aje, naye amesema atakuja akipata mtu wa kumwachia jiko.

Atakayependa ashuke Kibirizi mwezi ukiwa mpevu. Mitumbwi ingali inavutwa mchangani siku hizo, wavuvi wamekaa kwenye vivuli vyake, simu mkononi, wakingoja giza. Na watoto wanakimbizana kati ya mitumbwi mpaka saa tatu, saa nne za usiku, wakipiga kelele kwa furaha kubwa.